Risiti ya Kahawa Prato na Faili Letu la Kiwanja

Jana asubuhi hapa Prato, jirani kabisa na Florence, dada wa mgahawani alinifuata hadi mlangoni kwa sababu nilikuwa nimeacha risiti ya kahawa. Kahawa ya yuro moja na senti! Zamani tabia hii ilinikera. Siku hizi inanitia wivu, maana kwetu "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" tumeigeuza wimbo tu, na faili la kiwanja cha marehemu baba "halionekani" hadi leo.

Najua nitaambiwa Ulaya imenilevya. Nisikilizeni kwanza.

Mji huu una nyumba ya mfanyabiashara Francesco Datini, aliyefariki mwaka 1410. Barua zake kama 150,000 na mamia ya vitabu vyake vya hesabu vipo mpaka leo: bei ya sufu, mikataba ya bima ya mizigo, hata manung'uniko ya mkewe Margherita. Mwaka 1427 Florence ikaagiza kila mkuu wa kaya aorodheshe mali yake, madeni yake na midomo anayoilisha. Zilikuwa kaya karibu 60,000, na madaftari yake bado yametunzwa. Mwaka 1494 mtawa Luca Pacioli akachapisha Venice kitabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa huko walivyoandika kila senti mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, ili pande mbili zikikataa kulingana mtu ajieleze.

Watu wakisifu Ulaya ya kisasa hukimbilia Michelangelo, meli na mizinga. Mimi nasema nguvu yake ilianzia kwenye madaftari haya. Anayekopesha ana ushahidi, anayerithi ana hati, na anayetawala anajua nani anadaiwa nini.

"Walitajirika kwa kutuibia!" Sikatai. Kamanda Mreno Almeida aliipora Kilwa mwaka 1505, na Datini mwenyewe alimiliki watumwa. Tunayajua hayo kwa sababu waliyaandika kwa mikono yao. Wala sijasema wametuzidi akili. Tarakimu walizopigia hesabu walizipata kwa Waarabu, na karatasi iliwafikia kupitia kwa Waislamu. Na sisi watu wa pwani tuliandika! Kilwa ilipiga sarafu zake na kuandika habari za masultani wake, nami najivunia kila ninapoitaja. Kinachoniuma ni kwamba ukitaka kuiona nakala ya Kiarabu ya habari hizo, uende London, kwenye British Library. Nyingine tunaisoma kwa Kireno cha mwanahistoria João de Barros.

Basi msiniambie "ndiyo Afrika yetu". Faili halipotei lenyewe. Kuna mtu anakula likipotea, na kuna mwingine anakula likipatikana, na mara nyingi wanakaa meza moja. Msiniambie pia tusubiri mfumo wa kompyuta. Datini hakuwa nao. Sisi tunao, na kila tukienda "mtandao upo chini".

Ninachodai ni kidogo: kila faili linalotoka masijala, aandikwe aliyelichukua, tarehe na saini, na mwananchi mwenye faili aruhusiwe kulisoma daftari hilo. Hakihitajiki kikao wala mfadhili. Kaunta buku zimejaa Kariakoo.