Nyumbani tuna watu, tunakosa mtu baki wa kumwambia

Nikizungumza na ndugu zangu wa Tanga kuhusu simu za msaada za huku Uingereza, jibu huwa lile lile: wazungu wanawapigia wasiowajua kwa sababu hawana ndugu. Mimi naona nyumbani tuna ndugu wengi, na ndiyo maana kusema kunakuwa kugumu. Mwambie shangazi kwamba umechoka kuishi, jioni ile ile kikao cha ukoo kimekaa. Huyu anauliza nani kakuroga, yule anasema jikaze, mwanaume wewe, una watoto. Wote wanakupenda, ila hakuna aliyekuuliza kinachokuuma.

Huku kuna Samaritans, shirika la kuwasikiliza kwa simu watu waliokata tamaa. Kasisi Chad Varah aliianzisha London mwaka 1953, na simu moja kanisani St Stephen Walbrook. Mwaka 1935 alikuwa amemzika binti wa miaka 14 aliyejiua kwa sababu alipovunja ungo alidhani amepata ugonjwa wa aibu, wala hakuwa na wa kumuuliza. Varah aliamini watu wangemhitaji yeye. Kumbe waliojitolea kuwapa chai waliokuwa wakisubiri zamu ndio waliokuwa wakiwasikiliza, na wengi wakishaongea nao hawakuona tena haja ya kumwona kasisi. Mwaka 1954 akawaachia kazi hiyo. Mpaka leo namba yao ya huku, 116 123, hupigwa bure usiku na mchana, na wanaopokea ni watu wa kawaida wanaojitolea.

Nami ni mmoja wao. Ya wapigaji hayasimuliwi, kwa hiyo nitasema ya mafunzo tu. Tunafundishwa kutohubiri, kutotoa ushauri, kuvumilia mtu anaponyamaza, na kuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Nyumbani swali hilo tunaliogopa, tukidhani linampa mtu wazo. Halimpi. Aliyekuwa akilibeba peke yake hupata nafasi ya kulitua, na mbele ya mtu ambaye kesho hatakutana naye sokoni wala msikitini.

Najua nitaambiwa kwetu kuna sheria. Ni kweli, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na inawafunga watu midomo hata hospitalini. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Natamani kwetu nako kifutwe. Lakini hata England na Wales kosa hilo lilifutwa mwaka 1961. Miaka saba kabla ya hapo wale wa kujitolea walikuwa wameshaanza kupokea simu za watu ambao sheria iliwaita wahalifu. Hawakulingoja Bunge.

Kundi letu la watu wa Tanga huku likipata habari ya msiba, michango ya kusafirisha mwili hutimia upesi sana. Pesa tunazo basi, na moyo tunao. Napendekeza tuchange pia kwa ajili ya walio hai: mafunzo ya wasikilizaji, vijana kwa wazee, Waislamu kwa Wakristo, pamoja na simu na chumba chenye mlango unaofungwa. Na siri ya mpigaji iwe sharti la kwanza, hata kama mpigaji ni mtoto wa mwenyekiti wa mtaa. Aliye tayari, awe Tanga au ughaibuni, aniandikie.