Bakteria Wang'aao Mizizini: Ramani Tunayo, Mizani Bado

Mmea hautumii peke yake sukari yote unayoitengeneza kwa usanisinuru. Sehemu yake hutoka kupitia mizizi, na vijidudu vilivyomo katika tabaka jembamba la udongo linaloushika mzizi, ambalo mwanasayansi Mjerumani Lorenz Hiltner alilipa jina la rizosfia mwaka 1904, huigombania. Kuipima sukari hiyo ndiyo kazi. Ukiung'oa mmea na kuosha mizizi, vijizizi hukatika na kumwaga sukari ambayo mmea haukuitoa. Ukiuotesha kwenye maji yasiyo na vijidudu, unapima maisha ambayo mimea haiishi.

Ndipo ikaja fikra ya kumtuma bakteria mwenyewe akapeleleze. Bakteria wengi wana protini inayoitambua sukari fulani na kuwasha jeni za kuisaga, kwa hiyo mtafiti huichukua ile sehemu ya DNA iliyo kama swichi na kuiunganisha na jeni ya kutoa ishara. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1999 ishara hiyo ilikuwa barafu: bakteria waliokutana na sukrosi, yaani sukari ya aina ile ya mezani, walitengeneza protini inayogandisha maji, na watafiti wakahesabu matone yaliyoganda. Sukrosi ilionekana zaidi karibu na ncha ya mzizi. Mwaka 2017 kundi jingine lilitumia bakteria wa jamii ya Rhizobium, wale wanaoishi na mizizi ya mikunde, waliopewa jeni za mwanga, wakapakwa kwenye mizizi ya njegere na kupigwa picha gizani siku baada ya siku, mmea ukiendelea kukua.

Hapo ndipo nguvu ya mbinu hii ilipo, na sioni mbinu ya kemia inayoifikia kwa urahisi: mzizi uleule unatazamwa tena na tena bila kuuawa, na jibu linakuja likiwa na mahali pake. Zaidi ya hayo, bakteria huonyesha sukari inayomfikia yeye, jambo lenye maana zaidi kwa uhai wa udongo kuliko jumla iliyomo kwenye chupa ya maabara.

Lakini mpelelezi huyu anakula ushahidi. Sukari anayoitambua ndiyo chakula chake, na akila, huongezeka. Kwa hiyo doa lenye mwanga mkali huenda likamaanisha sukari nyingi, au bakteria wengi wanaogawana sukari kidogo. Kimeng'enya kinachotoa mwanga kinahitaji oksijeni na nishati ya seli, na penye maji yaliyotuama oksijeni hupungua, hivyo giza si ushahidi kwamba sukari haipo. Tena bakteria wana uchaguzi: mara nyingi wakipata chakula wanachokipenda zaidi, swichi za vyakula vingine huzimwa hata kama navyo vipo tele.

Kwa sababu hizo naona wanaozungumzia kuwapeleka viumbe hawa mashambani wamekimbilia mbali. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani mizizi iliyo kwenye bamba la agari, ile jeli ya kuoteshea maabara, si mizizi iliyo kwenye udongo wenye mawe na minyoo. Hata hivyo udongo wenyewe huziba mwanga, na kiumbe aliyebadilishwa jeni akishaachiliwa harudishwi kwa mkono. Swichi za kumfanya ajiue zipo, ila badiliko la jeni likiiharibu swichi, anayebaki hai ndiye yule asiyetii.

Ndani ya maabara, dawa ya sehemu kubwa ya kasoro hizi ni rahisi, ingawa huongeza kazi: mzizi mwingine kama huo upakwe bakteria wanaong'aa muda wote, pawe na sukari pasiwe. Sehemu ya mzizi inayofifia kwa makundi yote mawili ina upungufu wa bakteria au wa oksijeni. Inayofifia kwa kundi linalong'aa likipata sukari peke yake ndiyo inayostahili kujadiliwa.