Dongo Kundu: tingatinga halianzi shambani

Picha tuliyoizoea ya ugomvi wa ardhi Pwani ni tingatinga upande huu, wanakijiji upande ule, na askari katikati. Siku hiyo ikifika, kazi kubwa imeshafanyika zamani. Ramani imechorwa, miti imehesabiwa, leseni ya mazingira imetolewa, na muda wa kukata rufaa pengine umekwisha. Wakazi wanapigania mlango ilhali nyumba imeshauzwa. Huo ndio udhaifu wa kampeni nyingi za kuzuia miradi mikubwa, na Dongo Kundu inafaa kutazamwa kwa sababu pande zote mbili zina hoja za kweli.

Kwa asiyeijua, Dongo Kundu iko Mombasa, upande wa Likoni, kusini mwa hori la Port Reitz. Serikali imetenga huko ekari zipatazo 3,000 ziwe eneo maalumu la kiuchumi: gati, viwanda, maghala, umeme na maji yake, kwa ufadhili wa Japani. Barabara ya Miritini hadi Ng'ombeni inapita hapo hapo, na mtu anafika Kwale bila kupanda feri. Kwenye makaratasi ardhi ni ya mamlaka ya bandari. Juu yake kuna minazi, miembe, mikorosho, mihogo, makaburi, na watu ambao wazee wao walizaliwa hapo. Ukingoni kuna mikoko, na humo mna kaa na kamba wanaoingia masufuriani bila kupita kwenye mizani ya mtu yeyote.

Wanaoutaka mradi wasichukuliwe kuwa ni maadui wa Pwani. Bandari ya Mombasa ilivuka makasha milioni 2, kwa kipimo cha futi 20, mwaka 2024, na kisiwa hakina tena pa kupanuka. Kisha kuna kidonda cha 2019, serikali ilipoagiza mizigo isafirishwe kwa reli mpya hadi bara. Agizo lilipingwa barabarani, na lilikuja kuondolewa 2022, lakini madereva, makarani wa forodha, mama ntilie wa Changamwe na vibarua wa yadi za makasha walikuwa wameshaonja maana ya kuwa na bandari mlangoni huku kazi zake zikihamia kwingine. Kiwanda kinachosimama Likoni hakihamishwi na waraka wa waziri. Kijana wa Mtongwe anayesema "acheni wajenge" ana sababu yake, na kampeni inayomwita msaliti inampoteza bure.

Ila hesabu ya faida isomwe hadi mwisho. Chini ya sheria ya maeneo haya ya 2015, kampuni iliyosajiliwa humo hulipa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata, wakati kampuni ya kawaida hulipa 30. Kwa hiyo mji utafaidika kwa njia ya mishahara na zabuni za wenyeji kuliko kodi, na ahadi ya ajira haistahili kuachwa ielee hewani. Ulizeni: kazi ngapi ni za ujenzi, zitakazokwisha siku ya kukata utepe, na ngapi ni za kudumu? Vyeti gani vinahitajika, na nani atawafunza vijana kabla ya mashine kufika? Idadi inayotajwa jukwaani mara nyingi haimo kwenye waraka wowote wenye sahihi.

Sasa hoja za wakazi. Inayosikika sana ni "hii ni ardhi ya mababu". Ni kweli, lakini peke yake haifiki mbali mahakamani, na sababu yake ni ya zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze na kuyathibitisha. Waliojua njia ya ofisini wakapata hati; ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Hivyo ndivyo mjukuu wa aliyepanda mnazi alivyogeuka skwota chini ya mnazi huo huo. Pwani tumezoea kwamba mwenye mti si lazima awe mwenye ardhi, kama vile Mombasa mjini mtu anavyomiliki nyumba bila kumiliki kiwanja. Desturi hiyo ni ngao na pia ni mtego: inalinda fidia ya mti, lakini mkazi akiipokea huonekana amekubali kwamba udongo haukuwa wake.

Lipo bado tundu ambalo wengi hawalitumii. Kifungu cha 40(4) cha Katiba kinaruhusu fidia kwa aliyeikalia ardhi kwa nia njema bila hati. Na kifungu cha 70 kinamwezesha mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kwa maneno mengine, asiye na hati anaweza kushindwa kwenye umiliki na bado akashinda kwenye maji.

Na kwenye maji ndiko wakazi wana nguvu zaidi, kwa maoni yetu. Mikoko ni ya aina nyingi, na haijipangi ovyo. Mbele kabisa, penye mawimbi, husimama mlilana. Nyuma yake ile aina iitwayo hasa mkoko, yenye miguu mirefu. Ndani zaidi mkandaa. Na mchu huonekana pande zote mbili, mbele na nyuma. Mlilana na mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza kwenye tope kama vidole. Mwaga udongo wa ujenzi juu ya vidole hivyo, ukavifunika, na mti utakauka taratibu ingawa hakuna aliyeugusa kwa shoka. Mkandarasi atasema hajakata mti hata mmoja, na atakuwa anasema kweli.

Jambo la pili ni tuta. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hapa Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na hupita kwenye vijito ambavyo mchoraji wa ramani aliyekuja wakati wa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, huenda asivione. Tuta la barabara likizuia kijito, likawekewa makalvati (mifereji ya kupitisha maji chini ya barabara) mawili membamba, maji yanaingia kidogo, yanatoka kidogo, tope linatuama, chumvi inapanda, na kaa wanahama. Mfano hauko mbali. Tuta la Makupa lilizuia maji kwa miongo mingi, na ilibidi daraja lijengwe, likafunguliwa 2022, ndipo mkondo ukarudi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mhandisi ni jepesi: hapa mnaweka nguzo au tuta? Kama ni tuta, makalvati mangapi, ya upana gani, na yamepimwa kwa maji ya siku gani?

Jambo la tatu ni ahadi ya kupanda upya. Mche kwa kila mita moja, kila upande, ni miche 10,000 kwa hekta, na idadi hiyo hupendeza kwenye ripoti. Kinachoharibu ni kupanda mkoko mahali pa mlilana, au kwenye tope tupu lisilowahi kuwa na miti, kwa sababu mbegu za mkoko ni rahisi kuokota. Mawimbi huzing'oa, au chaza wadogo huziganda zikalemewa. Sharti liandikwe hivi: tuhesabu miti hai baada ya miaka 3 na baada ya 5, na aliyekata ndiye alipe pengo. Wakazi wakumbuke pia kwamba mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Hata mwenye hati ya nchi kavu jirani hana ruhusa ya kuikata bila kibali cha shirika la misitu, KFS.

Tuingie kwenye makaratasi. Mradi mkubwa unahitaji ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi, wakati wa kuiandaa, abandike matangazo mahali panapoonekana, atangaze kwenye gazeti la nchi nzima kwa wiki 2 mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua 3 na watakaoathirika. Ripoti ikifika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, umma hualikwa kutoa maoni, na tangazo kwa kawaida hutoa siku 30. Hapo ndipo vita vilipo. Ni tangazo la robo ukurasa, kwa Kiingereza, kwenye gazeti ambalo kijijini hufika likiwa limefungia maandazi. Kampeni yenye akili humteua mtu mmoja wa kusoma matangazo hayo kila wiki. Ni kazi ya kuchosha, na haina kamera.

Mkutano wa maoni nao una mtego wake. Mlangoni kuna karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Watu husaini wakijua ni ya nauli na soda. Karatasi hiyo hiyo hutokea nyuma ya ripoti kama kiambatisho, kuonyesha kwamba wananchi "walishirikishwa". Soma kichwa chake kabla ya kusaini. Kama hakina maneno, andika mwenyewe: "nimehudhuria, sijaridhia". Omba nakala ya kumbukumbu za mkutano. Wakikataa, peleka ombi la maandishi chini ya sheria ya kupata habari ya 2016; ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu.

Maoni yenyewe yasiwe kilio. Barua ya kurasa 2 isemayo "hatuutaki mradi" hujibiwa kwa sentensi moja. Taja ukurasa wa ripoti na kosa lake: ukurasa huu unasema hakuna uvuvi, na hizi hapa picha za mitego zenye tarehe na saa ya maji, ramani hii imeruka kijito, na hii hapa alama yake ya GPS. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, uirudishe nyumbani. Bila muhuri, barua yako haikuwahi kuwepo.

Leseni ikitoka, hesabu inaanza: siku 60 za kukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Msidhani rufaa yenyewe inasimamisha kazi. Ombeni amri ya kusimamisha, siku hiyo hiyo. Idhini za ujenzi na matumizi ya ardhi zinazotolewa na kaunti zina mlango mwingine, kamati ya rufaa ya mipango, na huko muda ni siku 14 tu. Wengi hukosa huu wa pili kwa kuwa wako bize na ule wa kwanza.

Njia hii huzaa matunda. Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu, cha megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wawekezaji walikuwa na mtaji na baraka za serikali; walichokosa ni mikutano ya kweli. Ndiyo maana hata mwekezaji ana faida ya kuwasikiliza wakazi mapema. Upande wa pili wa sarafu uko hapa hapa Mombasa. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, waliodhurika kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walipata hukumu ya shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaipangua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi nyuma. Anayesema "tujenge kwanza, madhara tutayarekebisha" aulizwe ni miaka mingapi anaomba.

Fidia nayo ina makosa yake ya kujirudia. Mnazi unaozaa na mche wa mnazi si bei moja, wala mwembe wa kupandikizwa si sawa na wa kienyeji, kwa hiyo fomu iliyoandika "miti 40" tu imeshampunja mwenyewe. Kila mti uandikwe aina na umri, na mwenye shamba abaki na nakala kabla ya kusaini. Kwa upande wa wakazi, wapo wanaopanda migomba usiku baada ya tarehe ya mwisho ya kuhesabu. Hao huwapa wakadiriaji kisingizio cha kumshuku kila mtu, pamoja na bibi mwenye mikorosho ya miaka 50. Halafu pesa huingia kwenye akaunti ya mwanamume mmoja wakati shamba ni la ndugu sita, na ugomvi unahamia ndani ya nyumba.

Je, mradi usimame? Hatuoni hoja ya kusimamisha eneo zima, na kampeni inayodai hivyo inaacha meza ambayo ingeweza kupata mengi. Lakini ukanda wa mikoko na vijito vyake ungewekewa mpaka usioguswa, na maghala yarudi nyuma, juu, penye nchi kavu. Nafasi ipo kwenye ekari 3,000. Mwekezaji ataona gharama ya kusogeza msingi, na ni gharama halisi. Kwa kuwa fedha za Japani zimo, wakazi wana mlango wa ziada: JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, lina miongozo yake ya mazingira na jamii, na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wanaoathirika miongozo hiyo ikikiukwa.

Na leseni ikishatoka na kazi ikaanza, nyuma yake huwa na orodha ya masharti. Mwenye mradi hutakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira kila mwaka na kuupeleka NEMA. Nakala yake huombwa kwa barua ile ile ya siku 21. Chukua orodha ya masharti, chukua ripoti ya ukaguzi, nenda kwenye kalvati siku ya bamvua maji yakianza kupwa, ukaangalie kama yanatoka.