Mawimbi ya redio dhidi ya saratani ya ini: idhini imetoka, ushahidi bado

Septemba 2023, FDA, mamlaka inayosimamia chakula na dawa Marekani, iliidhinisha TheraBionic P1 kwa wagonjwa wa saratani ya ini iliyofikia hatua ya juu, ambao dawa za kwanza na za pili zimeshindwa kuwasaidia. Ni kifaa kidogo chenye antena ya umbo la kijiko. Mgonjwa huiweka mdomoni saa moja, mara tatu kwa siku, akiwa nyumbani, na mawimbi ya redio ya megahezi 27.12 humpita mwilini. Nimeipokea habari hiyo kwa furaha, ila naona wengi wameisoma kama uthibitisho kwamba tiba hii inafanya kazi. Uthibitisho huo haujapatikana.

Kwamba mawimbi ya redio yanaweza kuua seli si jambo la kubishania. Yakiwa na nguvu ya kutosha huleta joto, na kwa miaka mingi madaktari wamekuwa wakichoma uvimbe mdogo wa ini kwa sindano inayotumia njia hiyo. Joto hilo halichagui. Seli yenye afya nayo ingeungua. P1 inadai jambo jingine kabisa. Nguvu yake ni ndogo mno kuupasha mwili joto. Kinachodaiwa kutibu ni mpangilio: ukubwa wa wimbi hupandishwa na kushushwa kwa kasi maalumu, na kila aina ya saratani ina kasi zake.

Kasi hizo zilipatikana kwa njia inayowatia shaka wakosoaji, na shaka yao naielewa. Watafiti Alexandre Barbault, Boris Pasche na wenzao, katika matokeo waliyochapisha 2009, walieleza jinsi walivyowapima wagonjwa 163 kwa kutazama mapigo ya mshipa, shinikizo la damu na ngozi huku kasi zikibadilishwa. Mapigo ya mtu hubadilika kwa sababu nyingi.

Lakini maabara imeleta hoja nzito. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kasi za saratani ya ini zilipunguza ukuaji wa seli za saratani ya ini na si za saratani ya matiti, na za matiti nazo vivyo hivyo kwa upande wake. Kasi zilizochaguliwa kiholela hazikufanya lolote. Mwaka 2019 wakaeleza mlango ambao mawimbi hutumia kuiathiri seli: njia inayopitisha kalsiamu kwenye utando wa seli, iitwayo Cav3.2. Walipoizuia, athari ikatoweka. Kwangu huo ndio ushahidi bora walio nao, kwa sababu ulikuwa na nafasi ya kuwaumbua.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba zaidi. Utafiti uliochapishwa 2011 ulihusisha wagonjwa 41. Kati yao, 14 walikaa zaidi ya miezi sita bila ugonjwa kusonga mbele, na madhara makubwa hayakuonekana. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Uvimbe wa ini haukui kwa kasi moja kwa kila mtu, hivyo hatuwezi kujua wangapi kati ya hao 14 wangefika hapo bila kifaa. FDA nayo ilipitia njia ya magonjwa adimu, yasiyozidi watu 8,000 kwa mwaka Marekani, ambayo hudai usalama na manufaa yanayoelekea kuwapo, bila kudai ufanisi uthibitishwe.

Wanaotetea idhini husema mgonjwa asiyebakiwa na dawa hana muda wa kusubiri. Ni kweli, na hasa kwetu Afrika, ambako homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya mahindi na karanga huchangia ugonjwa huu, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Tiba ya nyumbani isiyo na dripu ingekuwa faraja kubwa. Lakini ndio hao hao watakaouza shamba kuinunua wakiambiwa imethibitishwa.

Jaribio linalokosekana hapa si gumu kama la upasuaji. Mgonjwa hahisi joto wala maumivu, hivyo nusu wangeweza kupewa kifaa chenye kasi za kiholela bila wao wala daktari wao kujua. Watafiti tayari walifanya hivyo kwa seli.