Kazi Haufanyi, Kiti Hauachii

Jamani, nimeona ving'ang'anizi, lakini mpira wa chini ya mlango wa kioo bafuni kwangu ni kiboko yao. Ulipewa kazi moja tu, kuzuia maji yasitoke nje. Haufanyi! Mtu akioga, sakafu bwawa, na wa kulaumiwa ni mimi, baba watoto. Basi nikaamua kuustaafisha kwa heshima, nafasi apewe mwingine. Hapo ndipo ulipopata nguvu. Maji yanapita bila hodi, ila kucha yangu ikitafuta pa kuingia, hakuna njia.

Enzi zake ulikuwa laini, unaona hadi upande wa pili. Sasa ni wa manjano na umekauka kau. Tunauita mpira tu, lakini ni plastiki iliyotiwa dawa ya kuilainisha, na dawa yenyewe hutoka kidogo kidogo miaka inavyokwenda, maji ya moto yakiihimiza. Kinachobaki ni kitu kimesinyaa, ukikipinda tu, tak!

Washauri sasa, hao hawakosekani. "Chukua bisibisi, ubandue." Bisibisi! Kioo cha bafu huchomwa kwenye joto kali kisha kikapozwa ghafla, ndiyo maana usoni ukikipiga ngumi utaumia wewe. Udhaifu wake uko ukingoni. Chuma kikigonga pale vibaya, usitegemee ufa. Kinamwagika chote, punje punje. Na huu mpira, katika sehemu zote za kioo, umeng'ang'ania wapi? Ukingoni! Unajua fika kwamba pale sithubutu.

Nikaazima draya ya mama watoto, kwa masharti marefu kuliko ya mkopo. Unapuliza joto kipande kidogo, unahamahama usitulie sehemu moja, kisha unavuta kuelekea chini ukiwa bado wa moto. Pembe ikalegea. Nikavuta taratibu, pumzi nimezibana, ukaja... ukaja... tak! Nimebaki na kipande cha urefu wa kidole gumba. Nyuma yake kuna ukungu mweusi, nywele ambazo kila mtu nyumbani anazikana, na utando wa sabuni uliogandamana na chokaa ya maji.

Chokaa ina dawa yake: unalowesha kitambaa kwa siki, unakibandika, unakwenda kufanya mengine. Ikaachia. Mpira haukuachia. Kuchungulia, naona silikoni! Fundi aliyeufunga, Mungu amrehemu kama keshatangulia na amwone kama bado yupo, aliupaka gundi kitu kilichotengenezwa kubana chenyewe. Na siki haiifanyi silikoni lolote, hata uimwagie chupa nzima. Aina nyingi zikiwa mbichi zinanuka siki zenyewe, sasa utaitisha kwa harufu yake?

Hapo ni mkono tu. Kikwangulio cha plastiki kule ukingoni, na wembe kwenye uso wa kioo peke yake, umelazwa karibu ubapa, kioo kimeloweshwa. Magoti yanalia kwenye vigae, shingo imepinda, na kila baada ya muda sauti mlangoni: "Baba, bado? Tunataka kuoga!" Ogeni ndoo, wanangu.

Kununua mpya nako kuna usaili wake. Muuzaji anauliza kioo kina unene gani, milimita 6, 8 au 10, kwa sababu wa 8 kwenye kioo cha 6 utaning'inia, na wa 6 kwenye cha 8 hauingii hata uuombee dua. Nilikuwa na rula mfukoni, hakunipata. Ukaingia kwa kidole gumba tu, ule ulimi wake ukielekea ndani ili maji yarudi yalikotoka. Gundi hata tone.

Wakaoga wote, sakafu kavu. Hakuna aliyesema asante. Ila kwa kuwa ulimi bado mpya, mlango ukifungwa unaburuza na kulia kwiii, na nimeshaulizwa kelele hiyo nitaishughulikia lini.