Hii ni Nyumba au Gari?

Yakhe, shemeji akikuletea wazo, mpe nauli arudi nalo alikolitoa. Wangu alishinda na simu akiwatazama Wamarekani wanaoishi kwenye vinyumba vya kuvutwa na gari, akaja kunihubiria: hakuna kodi ya pango, mazingira hayaharibiki, jirani akikuudhi unafunga breki za maneno unaondoka na nyumba yako. Kule kanuni zao za ujenzi za 2018 zinahesabu nyumba ndogo kuwa ile isiyozidi futi za mraba 400. Yangu haifiki hata nusu. Futi 8 kwa 16, mbao za mitiki kutoka Muheza, juu ya trela lililokuwa likibeba mkonge. Sasa hivi ipo Sahare, hapa Tanga, kwenye kiwanja cha ami yangu.

Kitanda kipo darini, unapanda kwa ngazi. Fundi alipima mtu aliyelala, hakupima mtu anayegeuka. Kaskazi ikiwaka na bati likashika moto, naamka mchana nimeiva. Na jiko lipo chini ya kitanda, kwa hiyo nguru akikaangwa, mto wa kulalia unanukia nguru, kanzu ya Ijumaa inanukia nguru, na msikitini mwenzangu wa pembeni ananiuliza leo tumepika nini.

Umeme ni wa jua. Paneli moja ya wati 200, inawasha taa, inachaji simu, inazungusha kifeni. Pasi ya umeme inataka wati 1,000, basi napiga kanzu kwa pasi ya mkaa, mlangoni, mkaa ukinirukia. Haya ndiyo mazingira tunayoyatunza.

Halafu hakuna baraza. Nyumba gani Tanga haina baraza? Wazee wa bao wamejichagulia wenyewe: wanakaa kwenye chuma cha mbele cha kuvutia trela. Akikaa mmoja, sawa. Wakikaa watatu, matofali ya chini yanazama mchangani, nyumba inainamia mbele, na ndani vikombe vinahamia upande wa bahari.

Serikali nayo haijui initie fungu gani. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa ukinunua umeme wa LUKU, mimi sina LUKU, mwenyekiti wa mtaa ananitazama kama mkwepa kodi. Siku tunaihamisha kutoka Pongwe, trafiki akauliza mbona gari halina taa za nyuma. Nikamwambia hili si gari afande, ni nyumba. Akauliza, mbona nyumba ipo barabarani? Kibao cha anwani ya makazi walikipigilia mlangoni tukiwa kule kule Pongwe, kwa hiyo Pongwe kuna mtaa umepungukiwa namba, na namba yenyewe inapunga upepo Sahare.

Yote hayo ningeyameza. Lakini mkwe alikuja.

Mama mkwe katoka Pangani kwa ajili ya harusi, na wajukuu wawili, na kikapu cha nazi. Huu ndio mji wa waja leo waondoka leo, yeye akaja na khanga za wiki mbili. Ngazi hawezi kupanda, akalala chini kwenye kochi, sisi juu, pazia katikati. Mkwe huheshimiwa kwa umbali, na umbali ndio kitu ambacho fundi hakukiweka. Usiku kucha nimebana kikohozi. Mbao za mitiki, ukijigeuza tu, zinasema kwa sauti.

Na choo. Choo chetu ni kikavu, unamwaga maranda badala ya maji, baadaye inakuwa mbolea. Hakitaki maji kabisa. Sasa mwambie mama wa Pangani aingie chooni bila kopo! Mimi sikuthubutu kufungua kinywa. Nikamtuma mke wangu, naye akaona haya, akasema mama atajua mwenyewe. Mama alijua mwenyewe. Kopo la kwanza, la pili, la tatu. Mbolea ya shemeji ikawa uji, na uji ukatafuta njia. Shemeji nilipompigia aje asafishe, akasema yupo Korogwe, mtandao mbaya.

Nikaitangaza inauzwa. Jana kaja mteja, kagonga mbao, kapiga teke tairi, kapenda. Akaomba hati ya kiwanja. Nikamwambia kiwanja cha ami, haiuzwi na kiwanja. Akaomba kadi ya gari. Nikamwambia hii ni nyumba, bwana. Akashika kiuno, akaitazama, akanitazama, kisha akaenda kukaa kwenye chuma cha mbele, pale pale kwa wazee wawili, afikirie vizuri.

Ndani nikasikia sufuria linateleza.

"Baba Mwanaidi! Mwambie huyo mteja asimame kwanza, mchuzi unamwagika!"