Geuza galoni, usome mgongo wake

Ukiulizia oili ya pikapu, jambo la kwanza utakaloulizwa ni kama unataka nzito au nyepesi. Swali lenyewe si baya, ila linaulizwa mapema mno. Namba kubwa zilizochapwa mbele ya galoni, 5W-30 au 15W-40, zinaeleza mnato basi. Hazikwambii kama oili hiyo ilitengenezewa dizeli au petroli, kama itajaza majivu kwenye chujio la masizi, wala kama itaula mkanda wa taimingi. Hayo yako nyuma, kwa herufi ndogo ambazo watu wengi hawazisomi. Mimi nasema mwenye pikapu aanze na mgongo wa galoni, namba za mbele zifuate.

Tuzimalize hizo namba haraka. W ni ya baridi, haihusiani na uzito. Tarakimu iliyo kabla yake inaeleza jinsi injini itakavyozunguka ikiwa baridi: oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Tarakimu ya mwisho ni mnato wa oili iliyokwisha kupata moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Daraja la 30 linaanzia sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 na kuishia chini ya 12.5, daraja la 40 linaanzia hapo hadi chini ya 16.3. Kwa hiyo anayeikataa 5W-40 kwa sababu "5 ni maji matupu" na kukimbilia 15W-40 amekosea hesabu. Injini ikishapata moto, hizo mbili ziko daraja moja.

Hata oili mbili zenye namba zilezile zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Upo mnato mwingine, unaopimwa kwenye nyuzi 150 huku oili ikisagwa kwa kasi kama inavyosagwa kwenye beringi za kranki, shafti kuu ya injini. Kanuni za SAE, chama cha wahandisi wa magari kinachopanga madaraja hayo ya mnato, zinaitaka oili ya daraja la 30 ifikishe angalau 2.9 katika kipimo hicho. Lakini 5W-30 yenye alama ya ACEA C3 (ACEA ni chama cha watengenezaji magari wa Ulaya), au ile yenye API CK-4 (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani), lazima ifikishe 3.5. Tofauti hiyo ni kubwa kwa injini inayovuta tela mlimani, na mbele ya galoni yote mawili yameandikwa 5W-30. Sasa mtu akikuuzia "5W-30 yoyote ile" kwa dizeli yenye turbo, utajuaje amekupa ipi usipoligeuza?

Herufi za API zinasomeka hivi. S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi: SP ilikuja mwaka 2020, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006, CK-4 mwishoni mwa 2016. Zikiandikwa pamoja, tazama iliyotangulia, maana kwa kawaida ndiyo kazi ambayo oili ilitengenezewa hasa. CI-4/SL ni oili ya dizeli inayoweza kuingia pia kwenye petroli. SN/CF ni oili ya petroli, na hiyo CF ndiyo mtego unaowanasa wengi. Mtu anaiona C, anaridhika kwamba ni ya dizeli, anaimwaga kwenye injini ya kisasa yenye turbo na nozeli za kielektroniki. CF ni kipimo cha mwaka 1994, cha dizeli za kizamani zilizokuwa na chumba kidogo cha kuwashia mafuta kabla hayajaingia kwenye silinda. Oili hiyo haikupimwa kwa masizi yanayozalishwa na dizeli za leo. Masizi yakizidi uwezo wake, oili inakuwa nzito, inaganda kama uji kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na wa kwanza kuumia ni turbo na kemshafti. Oili nyingine ya kuepuka ni FA-4, nyembamba makusudi kwa ajili ya malori fulani mapya. Kama kitabu cha gari hakikuitaja, iache.

Pikapu ya dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosti, lile linaloandikwa DPF, ina sharti la ziada ambalo kwangu halina mjadala. Masizi yanayonaswa humo huchomwa na kuisha. Majivu hayachomeki. Yanatokana na madini yaliyomo kwenye viungo vya oili, na yakishaingia hukaa humo hadi chujio litolewe lisafishwe au libadilishwe. Oili za ACEA C3 zina kikomo cha majivu cha asilimia 0.8, za A3/B4 zinaweza kufika 1.6. Lita moja ya oili ina gramu 850 hivi, kwa hiyo kila lita ambayo injini inaila huleta takriban gramu 7 za majivu kwa C3, na karibu 14 kwa A3/B4 yenye majivu mengi. Oili hiyo ya pili inaweza kuwa nzuri sana kwa dizeli isiyo na chujio. Kwenye chujio inapunguza umri wake kwa kadiri ya nusu. CJ-4 na CK-4 zina kikomo cha asilimia 1.0. CI-4 ilibuniwa wakati kikomo hicho hakijawekwa.

Injini ya petroli yenye turbo na nozeli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda ina ugonjwa wake: mchanganyiko kujilipua mapema injini ikiwa na mzigo mkubwa kwenye mizunguko michache, mlipuko unaoweza kupasua pistoni. Sehemu ya chanzo ni kalisi nyingi kwenye viungo vya kusafishia vya oili. SP ilipimwa kwa jambo hilo. SN ya kawaida haikupimwa.

Kuna pia injini zenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili, baadhi ya Ford EcoBlue za lita 2.0 zikiwemo. Hapo namba ya kiwango cha mtengenezaji iliyo kwenye kitabu inapaswa kuonekana nyuma ya galoni, herufi kwa herufi. Oili isiyofaa hulainisha mpira wa mkanda, ukaanza kumeguka, na vipande vyake vikaenda kuziba wavu wa pampu ya oili. Injini inanoki kwa kukosa oili huku sampu imejaa.

Sasa turudi kwenye ile kauli kwamba gari la kazi linataka oili nzito. Nusu yake ni kweli. Ukibeba mzigo kila siku, oili hupata moto zaidi na utando wake kwenye beringi hupungua. Kama jedwali la kitabu linaruhusu 30 na 40, chagua 40 bila wasiwasi. Ninachopinga ni kurukia 20W-50 kwenye injini iliyobuniwa kwa 30. Njia za oili kwenye vifaa vya kurekebisha valvu ni nyembamba, na asubuhi oili hiyo inachelewa kufika juu. Filta nayo ina valvu ya dharura: oili ikiwa nzito mno kupenya, valvu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Wenye kuitetea huonyesha geji ya presha ilivyopanda. Presha hupanda pia kwa sababu oili inakataa kupita, kwa hiyo geji si ushahidi kwamba beringi zinapata zaidi. Na kama injini inakula oili, nzito itapunguza moshi wa bluu kwa muda, huku ringi, sili za valvu au turbo zikiendelea kuchakaa.

Kuhusu kilomita, vitabu vingi vina vipindi viwili: cha matumizi ya kawaida na cha matumizi magumu. Pikapu inayobeba mizigo, inayovuta tela, inayopita kwenye vumbi au inayounguruma muda mrefu ikiwa imesimama iko kwenye kundi la pili, hata kama mwenyewe anajiona dereva mpole. Dizeli yenye salfa nyingi nayo hufupisha muda, kwa kuwa asidi inayozaliwa humaliza akiba ya alkali kwenye oili. Weusi peke yake haumaanishi kitu. Kwenye dizeli oili huwa nyeusi mapema, dalili kwamba inabeba masizi badala ya kuyaacha yagande.

Wakati wa kumwaga, injini iwe ya uvuguvugu na gari lisimame sawasawa. Badilisha washa ya boliti ya sampu. Paka oili kwenye mpira wa filta mpya, uikaze kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko kama filta yenyewe haijaandikwa vingine. Dizeli nyingi za pikapu za lita 2.4 hadi 3.0 huchukua kati ya lita 6 na 8, kwa hiyo galoni la lita 5 halitoshi. Nunua zote za aina moja mapema kuliko kuokoteza ya kujazia. Tia oili pungufu kwa lita moja kuliko kiasi cha kitabu, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika 5 hadi 10, pima kwa kijiti, ndipo umalizie. Usipite alama ya juu. Kranki ikianza kuipiga oili inazalisha povu, na povu halibebi beringi.

Kijiti hicho kitumie pia kati ya kumwaga na kumwaga, hasa kwenye dizeli yenye chujio la masizi. Injini nyingi huchoma masizi kwa kupuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda, na safari fupi zikiikatiza kazi hiyo mara kwa mara, sehemu ya dizeli huteremka kwenye sampu. Oili inaongezeka bila kuongezwa. Ikivuka alama ya juu na kunuka dizeli, imwage hata kama kilomita hazijafika. Ikiongezeka huku rangi imekuwa kama chai ya maziwa, hayo ni maji ya rejeta, na injini isiwashwe tena hadi ijulikane yanapoingilia.